Nakala Ngapi? Albamu ya Kwanza ya Bendi na Gharama Isiyoandikwa kwenye Jalada



Nimeombwa nizungumzie muziki na mazingira. Mada hiyo ni pana mno kwa jioni moja, kwa hiyo nimeikata nikabaki na kipande ninachoweza kukisimamia. Chukueni bendi ndogo ya roki ya kiasili, ile roki iliyozaliwa Marekani katikati ya miaka ya 1960, gitaa kavu na nyimbo za wananchi zilipokutana na ngoma na umeme. Bendi hiyo inatoa albamu yake ya kwanza na inataka itoke bila kuichafua dunia. Ifanye nini? Itumie bahasha ya karatasi iliyorejelezwa? Wino wa soya? Ipande miti? Jibu langu nalitoa mapema, ili mwenye haraka aondoke nalo: yote hayo yana nafasi yake, lakini uamuzi mzito kuliko yote ni wa nakala ngapi zitengenezwe. Uamuzi huo hufanywa kimyakimya, na majaladani hauonekani.

Mtaniuliza kwa nini nimechagua roki ya kiasili wakati kuna hip hop, rege na taarabu. Nimeichagua kwa sababu imejitwika ahadi. Pete Seeger, mwimbaji wa nyimbo za wananchi aliyewalea wanamuziki wengi wa roki hiyo, aliongoza kampeni ya kujenga mashua ya matanga iitwayo Clearwater. Ilishushwa majini mwaka 1969, ikawa inapita mto Hudson katika jimbo la New York na kuwaita wakazi wa kando ya mto waje wauone uchafu wanaoishi nao. Viwanda vya General Electric vilikuwa vimemwaga kemikali za PCB mtoni humo kwa miaka mingi. Clearwater ikawa miongoni mwa waliodai mto usafishwe, na tope lenye sumu lilichimbwa hatimaye kati ya mwaka 2009 na 2015, Seeger mwenyewe akiwa mzee wa miaka tisini kazi hiyo ilipoanza. Oktoba 1970 huko Vancouver, Kanada, waimbaji Joni Mitchell, James Taylor na Phil Ochs walipanda jukwaani kuchangia safari ya chombo cha kwenda Amchitka, Alaska, kupinga jaribio la bomu la nyuklia. Kundi lililopanga safari hiyo ndilo lililokuja kujulikana kama Greenpeace. Mwaka huohuo Mitchell alitoa Big Yellow Taxi, wimbo unaolalamikia miti iliyofyekwa na dawa zinazonyunyizwa mashambani.

Wimbo huo uliwafikia watu ukiwa umechorwa juu ya plastiki itokanayo na mafuta na klorini. Sisemi hivyo kumsuta Mitchell, maana hakuwa na njia nyingine ya kuusambaza. Nasema ili tuelewe kwamba kati ya ujumbe wa wimbo na kitu kinachoubeba kuna pengo, na kwamba kwa miaka mingi wanamuziki waliotetea misitu na mito hawakuulizwa kuhusu pengo hilo hata mara moja.

Basi tukitazame hicho kitu chenyewe.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya Gramophone, yenye chapa ya HMV, santuri za wakati ule zilikuwa za shelaki. Shelaki ni ute wa mdudu mdogo anayeganda kwenye matawi ya miti, hasa huko India. Wanakijiji huukwangua matawini, ukasafishwa na kuyeyushwa, na viwandani ukachanganywa na unga wa mawe na masizi. Wazee wetu waliokuwa na gramafoni wanakumbuka kwamba sahani ile ilikuwa nzito, na ikianguka sakafuni ndiyo basi tena. Kwa hiyo sauti ya kwanza ya Kiswahili kusambaa Pwani nzima kwa santuri ilikuja juu ya kazi ya mdudu na ya mwanakijiji ambaye jina lake halimo kwenye lebo. Mwaka 1942, vita vilipozikata njia za meli, serikali ya Marekani iliwabana watengenezaji wa santuri wapunguze matumizi ya shelaki kwa asilimia 70, na wananchi wakaombwa kurudisha sahani kuukuu zisagwe upya. Urejelezaji wa santuri, kumbe, haukuvumbuliwa na vijana wa leo.

Kisha, mwaka 1948, kampuni ya Columbia ikaleta santuri ndefu ya plastiki ya PVC. Ilikuwa nyepesi, haikuvunjika ovyo, na ilibeba zaidi ya dakika ishirini kila upande. Albamu kama tunavyoielewa leo, mfululizo wa nyimbo wenye nia moja, ililelewa na plastiki hiyo, na bila PVC sijui kama roki ya kiasili ingekuwa na albamu za kujivunia. Lakini PVC hutengenezwa kwa gesi iitwayo vinili kloridi. Januari 1974 kampuni ya B.F. Goodrich ilitangaza kwamba wafanyakazi wa kiwanda chake cha Louisville, Kentucky, walikuwa wamekufa kwa saratani ya ini ya aina adimu sana, na baadaye ikathibitika kwamba chanzo ni gesi hiyo. Kiwanda kile hakikutengeneza santuri. Kilitengeneza malighafi ya mabomba, nyaya na vitu vingine vingi, na santuri zilikuwa sehemu ndogo tu ya soko hilo. Hata hivyo, anayeshika santuri na kusema plastiki hii ina joto la sauti ambalo dijitali haina, ni vizuri ajue pia ilipitia mikono ya nani.

Leo viwanda vya santuri vimeanza kujipima. Kwa makadirio yaliyochapishwa na vyama vya watengenezaji wenyewe mwaka 2024, santuri moja ya gramu 140, bila kuhesabu jalada, hutoa gesi joto sawa na kilo 1.15 hivi za hewa ya ukaa, na karibu nusu ya kiasi hicho inatokana na PVC. Bendi nyingi bado hutangaza kwa fahari kwamba santuri yao ni ya gramu 180. Mfereji unaosomwa na sindano hauongezeki kina kwa sababu sahani imenenepa. Uzito ule, kwa maoni yangu, ni mapambo, na mtu anayetaka kupunguza plastiki angeanza na gramu hizo arobaini kabla hajatafuta wino wa soya.

Kuna plastiki mbadala, na hapa inabidi mnunuzi awe macho. Iko PVC inayouzwa kama ya mimea au ya mabaki ya mafuta ya kupikia. Kinachotokea kiwandani ni kwamba mafuta hayo huingizwa kwenye mtambo uleule pamoja na yale ya kisukuku, kisha karani anahesabu: tumeingiza tani kadhaa za mabaki, basi tani kadhaa za plastiki zihesabiwe kuwa zimetokana nayo. Santuri uliyoishika wewe inaweza isiwe na hata tone la mafuta ya kupikia. Mimi siuiti mtindo huo udanganyifu. Ni mfumo wa hesabu unaokaguliwa, na unasaidia kupunguza mafuta ya kisukuku yanayoingia mtamboni. Udanganyifu huanza pale jalada linapochora jani la kijani na kunyamaza. Wengine wameiacha PVC kabisa: santuri za albamu ya Moon Music ya Coldplay, iliyotoka Oktoba 2024, zilitengenezwa kwa plastiki ya chupa za maji na soda, chupa tisa kwa kila santuri. Coldplay si bendi ndogo, wala si ya roki ya kiasili, lakini viwanda hujaribu mitambo mipya kwa wateja wakubwa kwanza, na wadogo hufuata bei ikishuka.

Nichepuke kidogo kwa ajili ya wapiga gitaa waliomo humu. Albamu ya roki ya kiasili huanzia msituni kabla ya kufika studio. Ubao wa shingo ya gitaa mara nyingi ni wa mti mweusi, na Kamerun ni mmoja wa wauzaji wakubwa wa mbao hiyo. Mwaka 2011 kampuni ya gitaa ya Taylor, ya California, ilinunua na mshirika wake kiwanda cha mbao mjini Yaoundé. Bob Taylor wa kampuni hiyo akaambiwa na wakataji jambo lililomshangaza: kwa kila mti uliokuwa mweusi tii ndani, kama ilivyotakiwa na wanunuzi, mingine tisa hivi yenye michirizi ya kahawia ilikuwa ikiangushwa na kuachwa ioze. Hujui rangi ya ndani mpaka uukate. Taylor akaamua kutumia na yenye michirizi, akawatangazia wateja sababu. Hakuna teknolojia iliyohitajika hapo. Ilihitajika mnunuzi akubali gitaa lenye doa. Nasi Tanzania tuna ndugu wa hadithi hiyo. Mpingo, ambao ulimwengu unaupulizia katika klarineti na oboi, ulipata cheti cha misitu cha FSC mwaka 2009 kupitia vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa, vikisaidiwa na shirika la kuhifadhi mpingo. Mti huo huchukua miaka 70 na zaidi kukomaa. Bendi inayoandika asili ya karatasi ya jalada lake ingeweza kuandika na asili ya gitaa lake, na sijaona wengi wakifanya hivyo.

Sasa nije kwenye vifungashio, kwa sababu hapo ndipo bendi nyingi huanzia na hapo ndipo nyingi huishia.

Kuna kisa kinachochekesha. CD zilipoanza kuuzwa Marekani katika miaka ya 1980, maduka yalikuwa na rafu za santuri za inchi kumi na mbili. Badala ya kubadili rafu, CD ndogo ilitiwa ndani ya boksi refu la katoni, inchi sita kwa kumi na mbili, nusu yake ikiwa tupu. Mnunuzi akifika nyumbani alilichana boksi akalitupa. Wanamuziki na wanunuzi walipiga kelele miaka kadhaa, na kampuni zikaliacha boksi hilo Aprili 1993. Bendi ya vichekesho ya Spinal Tap, mwaka 1992, ilitoa albamu yake katika boksi refu zaidi, la inchi kumi na nane, kwa kebehi tu. Msilidharau tukio hilo. Takataka iliyotetewa na tasnia kwa kisingizio cha rafu za maduka iliondolewa hatimaye, na CD zikaendelea kuuzwa kama kawaida.

Likabaki kasha la plastiki ngumu, lile linalovunjika masikio ukilifungua vibaya. Mwaka 2009 shirika la Uingereza la Julie's Bicycle, linaloshughulika na sanaa na mazingira, lilionyesha kwamba kuhama kutoka kasha la plastiki kwenda bahasha ya kadi kunaweza kupunguza gesi joto za ufungashaji wa CD kwa hadi asilimia 95. Ukiona bendi changa imetoa CD katika bahasha ya kadi, usidhani ni umaskini peke yake.

Bendi ninayoiheshimu zaidi katika jambo hili ni Cloud Cult ya Minnesota. Ukiwaita roki ya kiasili baadhi ya wafuasi wao watanuna, kwa kuwa muziki wao umechanganya mengi, lakini gitaa kavu, violini na selo wanazopanda nazo jukwaani zinanipa ujasiri wa kuwaweka humo. Kiongozi wao, Craig Minowa, amesomea na kufanya kazi ya sayansi ya mazingira. Alipotaka kutoa muziki wake alitafuta kiwanda cha CD kinachojali mazingira, akakosa cha kumridhisha, akaanzisha lebo yake mwenyewe, Earthology Records, isiyo ya kutafuta faida, huko shambani kwake, na studio inayotumia joto la ardhini. Makasha ya CD hawakuagiza mapya. Waliwaomba watu wawapelekee yaliyotumika, wakayaosha kwa mikono na kuyatia CD zao. Fikirieni kazi hiyo! Mwanamuziki aliyepaswa kuwa anafanya mazoezi ya sauti amekaa na beseni la maji ya sabuni, anasugua gundi ya bei iliyobandikwa kwenye kasha la albamu ya mtu mwingine. Karatasi ilikuwa ya kurejelezwa, wino wa soya, plastiki nyembamba ya nje ikachaguliwa isiyo na sumu. Na kwenye maonyesho yao wachoraji walichora picha jukwaani wakati bendi ikipiga, na picha ikapigwa mnada mwisho wa onyesho.

Kinachonivutia kwa Cloud Cult ni kwamba kasha lililooshwa lina kikomo chake lenyewe. Huwezi kuosha makasha elfu hamsini kwa beseni. Njia waliyoichagua iliwalazimisha wawe wadogo, watoe kwa kadiri ya mikono yao, na hiyo ndiyo faida ambayo sifa za kijani za magazeti hazikuitaja sana. Walisifiwa kwa wino na karatasi. Mimi nawasifu kwa beseni.

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Albamu ya kwanza ina tatizo lake la pekee: bendi haijui ina wasikilizaji wangapi. Bendi yenye albamu tano ina takwimu za nyuma, wakati bendi mpya ina ndugu, marafiki wa chuo, na matumaini. Kiwandani nako bei hupangwa kwa namna inayomlea mwenye matumaini. Gharama kubwa ni za kuanzia, yaani kukata sahani mama, kutengeneza mihuri ya chuma, kuandaa mashine na jalada. Zikishalipwa, nakala inayofuata ni ya bei nafuu. Mchuuzi wa kiwanda atakuambia nakala mia tatu zitakugharimu kiasi hiki, lakini ukichukua elfu moja, bei ya kila moja inashuka sana. Kijana anapiga hesabu, anaona mia saba za ziada ni kama bure, anaagiza elfu. Miaka mitatu baadaye zipo uvunguni mwa kitanda cha mpiga ngoma, na mama mwenye nyumba anauliza zitaondoka lini.

Kwa kipimo nilichokitaja, santuri elfu moja ni zaidi ya tani moja ya hewa ya ukaa kabla ya jalada na usafiri. Zikiuzwa mia nne, mia sita zilizobaki zimetoa kilo 690 bila kumfikia msikilizaji hata mmoja. Unaweza kupunguza madhara ya kila nakala kwa plastiki bora, na ni jambo jema. Lakini nakala isiyosikilizwa, hata ingetengenezwa kwa chupa zilizookotwa ufukweni, ni hasara kamili, maana haikupaswa kuwepo. Na msidhani wakubwa wako salama. Mwanzoni mwa mwaka 2008 iliripotiwa kwamba kampuni ya EMI ilipeleka China zaidi ya nakala milioni moja za Rudebox, albamu ya Robbie Williams ya mwaka 2006 ambayo haikununuliwa kama ilivyotarajiwa, zikasagwe na kutumiwa katika ujenzi wa barabara. Sauti ya mwimbaji ikaishia chini ya matairi.

Siku hizi wingi umepata sura nyingine. Albamu moja hutolewa kwa rangi nyingi, jalada tofauti kwa kila duka, wimbo mmoja wa ziada hapa na mwingine pale, ili shabiki yuleyule anunue mara nne na chati ipande. Mwimbaji Billie Eilish alilisema hadharani mwezi Machi 2024, akalaumu wasanii wakubwa wanaotoa albamu moja kwa matoleo kadhaa ya santuri. Miezi miwili baadaye albamu yake mwenyewe ilitoka katika matoleo manane, ya plastiki iliyorejelezwa au ile ya hesabu ya mimea niliyoieleza. Wapo waliomcheka. Mimi naona afadhali yeye aliyefungua mdomo, ingawa kwa kipimo changu matoleo manane ni mengi mno.

Bendi ndogo ina silaha ambayo kampuni kubwa haiitaki: inaweza kusubiri. Inaweza kufungua oda mapema, kuhesabu waliolipa, na kuagiza idadi hiyo na akiba kidogo ya kuuza mlangoni kwenye maonyesho. Mwaka 2019 jukwaa la mtandaoni la Bandcamp lilitangaza huduma inayofanya kazi kwa mtindo huo, santuri zikatengenezwa baada ya mashabiki kuchangia gharama. Shabiki atangoja miezi kadhaa. Akiwa shabiki kweli, atangoja.

Kuna atakayenyosha mkono kuniambia kwamba nazungumzia mambo ya kale, watu sasa wanasikiliza mtandaoni, plastiki imekwisha. Nusu ya hoja hiyo ni kweli. Watafiti Matt Brennan na Kyle Devine, wa vyuo vikuu vya Glasgow na Oslo, walipima soko la Marekani na kutangaza matokeo mwaka 2019. Mwaka 1977, kilele cha santuri, tasnia ilitumia kilo milioni 58 za plastiki. Mwaka 2000, kilele cha CD, kilo milioni 61. Mwaka 2016 zilikuwa zimeshuka hadi kilo milioni 8. Mpaka hapo ni habari njema. Walipogeukia gesi joto wakakuta mwaka 1977 ni kilo milioni 140, mwaka 2000 ni milioni 157, na mwaka 2016, pamoja na plastiki kupungua kiasi kile, makadirio yao ni kati ya milioni 200 na zaidi ya milioni 350, kwa sababu ya umeme wa kuhifadhi na kusafirisha muziki kwenye mitandao. Hayo ni makadirio, na gridi za umeme zinaendelea kubadilika, kwa hiyo msiyashike kama aya. Lakini yanatosha kutuonyesha kwamba wimbo usioshikika una uzito. Huku kwetu, ambako msanii chipukizi hutoa albamu yake YouTube na Boomplay na santuri ameiona kwa babu, hesabu yake iko kwenye umeme wa vituo vya data vya mbali na kwenye simu ya msikilizaji, na baada ya hapo kwenye jenereta la dizeli linalounguruma nyuma ya jukwaa.

Onyesho nalo halisemwi vya kutosha. Utafiti wa kwanza mpana wa tasnia ya muziki ya Uingereza, uliofanywa kwa mwaka 2007, ulikadiria tani 540,000 za gesi joto kwa mwaka. Robo tatu zilitokana na maonyesho, na safari za watazamaji peke yake zilikuwa asilimia 43. Yaani bendi inaweza kutoa albamu kwenye bahasha safi kabisa, kisha ikafanya uzinduzi mahali pasipofikika ila kwa gari binafsi, na kila ilichookoa kikateketea maegeshoni. Kuweka onyesho karibu na kituo cha treni au cha mabasi, na kulimaliza kabla basi la mwisho halijaondoka, ni uamuzi wa kimazingira ingawa haupendezi kwenye picha.

Kuhusu miti nitasema machache, maana wengi wenu mnaijua hadithi ya miti ya mradi. Coldplay walipotoa A Rush of Blood to the Head mwaka 2002, ilitangazwa kwamba miembe 10,000 ingepandwa katika jimbo la Karnataka, India, kufidia gesi zilizotokana na albamu hiyo. Mwaka 2006 waandishi wa habari walipofika huko wakakuta sehemu kubwa ya miche imekufa. Wakulima walisema hawakuwa na maji wala fedha za kuitunza. Mwembe unahitaji mtu, ndoo na kisima kwa miaka kadhaa, na gharama hiyo haikuwa imetengwa inavyostahili. Bendi ilikuwa na nia njema na ililipia, bila shaka. Ila deni lililohamishiwa kwa mkulima asiye na maji halijalipwa.

Kwa hiyo, ndugu zangu wanamuziki, ombi langu kwenu ni dogo na linawezekana hata kwa bendi isiyo na senti. Mtakapotoa albamu yenu ya kwanza, pale nyuma ya jalada mnapowashukuru wazazi na fundi wa studio, ongezeni mistari minne: imetengenezwa kwa nini, imetengenezwa wapi, zimetengenezwa nakala ngapi, na zisizouzwa zitafanywa nini. Mkishindwa kujaza mstari wa tatu kwa sababu mnaona aibu kwamba ni mia mbili tu, msione aibu. Mia mbili zilizosikilizwa zinanitosha mimi kama ushahidi kwamba mna wasikilizaji. Na ninyi wanunuzi, kabla ya kulipia toleo la rangi ya bluu ilhali jeusi mnalo nyumbani, waulizeni wauzaji swali hilohilo la nakala. Wakikosa jibu, nunueni tiketi ya onyesho badala yake, na mwende kwa basi.